Mwongozo kwa Bingwa Mgeni Anayeshuka Kilwa Masoko

Umeshuka Nangurukuru na begi lako, umepata gari la kukufikisha Masoko, na njia nzima unajiambia kwamba snuka wewe unaijua. Umeitazama usiku kucha kwenye simu, bando moja likiisha unaunga lingine. Unajua mpira mwekundu ni pointi 1 na mweusi ni 7. Unajua pointi 147 za zamu moja zinapatikanaje, na kwamba mwaka 1997 Ronnie O'Sullivan alizimaliza kwa dakika 5 na sekunde chache. Jioni ukiona meza ya pool chini ya paa la bati, vijana kadhaa wameizunguka na mzee mmoja amekaa kwenye benchi, utadhani umefika nyumbani. Hujafika. Soma kwanza.

Anza na mzee. Mpe shikamoo yake kabla hujaigusa fimbo, hata kama hachezi. Usipomsalimia, hakuna atakayekugombeza; wataacha tu kukuambia mambo, na kuna mambo mengi kuhusu meza ile ambayo mtu huhitaji kuambiwa. Vijana watakuita mjomba. Hiyo ni salama. Siku ukisikia mjomba imegeuka bosi, ujue umeshapigiwa hesabu, na kinachosubiriwa ni wewe kutoa pochi.

Usizungumzie viwango vya dunia. Najua vinakuwasha mdomoni, lakini huku havina kazi. Kwenye snuka ya kulipwa, kiwango ni hela: kila pauni ya zawadi ni pointi moja, zinajumlishwa za miaka miwili, na zikitimiza miaka miwili zinaanguka. Ndiyo maana bingwa wa dunia anayebeba pauni 500,000 pale Sheffield anaruka kwenye orodha kwa mashindano ya siku 17, na ndiyo maana anaweza kuporomoka miaka miwili baadaye bila kucheza vibaya zaidi ya jana. Masoko nako kiwango ni hela, ila mahesabu yake ni mafupi. Mshindi anabaki mezani. Anayemtaka anaweka sarafu yake ukingoni mwa meza, nyuma ya sarafu za waliomtangulia, na foleni ndiyo hiyo. Ukisogeza sarafu ya mtu umetafuta ugomvi.

Na sarafu za Kilwa zina tabia ya kwenda mbali na mwenyewe. Masultani wa Kilwa Kisiwani walifua zao za shaba, na mwaka 1944 chache ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, hakuna anayeweza kuapa zilifikaje. Yako haitafika huko. Itaingia kwenye sanduku lenye kufuli chini ya meza, na mwenye ufunguo yuko Lindi.

Sasa meza yenyewe. Meza ya snuka ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, na kwenye mashindano makubwa hupashwa joto kwa chini ili kitambaa kibaki kikavu na mpira ukimbie. Hapa joto lipo bila kulipiwa, lakini limekuja na unyevu wa bahari. Kitambaa kinakunywa chumvi ya upepo wa kusi, kinakuwa kizito, na mpira unaoutuma kwa ustaarabu wa Sheffield unasimama katikati ya safari. Piga kwa nguvu zaidi, utasema. Piga basi. Ule mweupe ni wa meza ya sarafu: umetengenezwa na ukubwa au uzito tofauti kidogo na wenzake, ili mashine iutambue ukitumbukia na kuurudisha badala ya kuumeza. Ukijaribu kuurudisha nyuma kwa mkunjo uliouona kwenye video, utafanya jambo jingine kabisa, na kila mtu atalitazama kwa makini.

Kisha itazame ile kona iliyo upande wa ndoo ya maji. Sakafu imelala kidogo kuelekea huko. Mpira unaotembea polepole karibu na ukingo, ambao kwa macho yako umekosa, hukata shauri mwishoni na kuingia shimoni. Mwenyeji hulenga pembeni ya shimo, anageuka kuchukua chaki kabla mpira haujafika, na anasikia tu unavyodondoka. Chaki nayo imechimbwa katikati hadi imebaki ganda. Fimbo ziko mbili. Moja imepoteza ngozi ya nchani, na hiyo ndiyo utakayopewa kwa heshima zote za mgeni.

Mchezo wa kwanza utashinda. Usifurahi. Utasikia umesifiwa mkono, utaulizwa umejifunzia wapi, na mtu atasema kwa upole kwamba huu wa kwanza ulikuwa wa kupasha misuli, tuweke soda. Hapo ndipo mtu mwenye akili hukumbuka amechoka na safari. Zaidi ya yote epuka miezi ya mnada wa korosho, kuanzia Oktoba. Fedha za mazao zikishafika, soda hugeuka kreti, na wachezaji ambao mwaka mzima hukuwaona wanatokea mashambani wakiwa na mkono uleule. Hao ndio washindani wa msimu. Kama ungekuwa unataka mashindano ya viwango kwenye pwani hii, kalenda yake ungeipata kwenye chama cha ushirika.

Kama bado huwezi kujizuia kusimulia matokeo, chagua ya Mei 2024, kwa sababu tarehe zile kila mtu anazikumbuka kwa sababu nyingine. Kimbunga Hidaya kilikuwa kimepita, mvua zikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi hapa wilayani Kilwa, na mabasi na malori yakalala pande zote mbili yakitazamana. Tarehe 5 na 6 ya mwezi huo ndiyo fainali ya dunia ilichezwa. Bingwa mtetezi, Luca Brecel, alishaondolewa raundi ya kwanza kwa fremu 10 kwa 9. Jak Jones wa Wales, mtu wa nafasi ya 44 aliyepitia mchujo, alimtoa Judd Trump 13 kwa 9 na akafika hadi fainali. Kyren Wilson akamchapa saba bila mwanzoni, na mwishowe ikawa 18 kwa 14.

Mzee wa kwenye benchi atakusikiliza hadi mwisho. Kisha atauliza: "Saba bila, halafu yule mwenziwe amepata wapi kumi na nne?" Usikimbilie kujibu. Ondoa zile saba upige hesabu: kuanzia hapo Jones alishinda fremu 14 na Wilson 11. Umefuatilia fainali nzima na hukuliona hilo. Yeye hajui hata snuka ina mipira mingapi.

Wala usimpime mtu kwa mavazi au kwa umri. Mwaka 2025 Zhao Xintong alianzia mchujo wa ubingwa wa dunia akiwa mchezaji wa ridhaa, baada ya kutumikia adhabu ya kufungiwa miezi 20. Alimfunga O'Sullivan 17 kwa 7 kwenye nusu fainali, akamaliza na Mark Williams 18 kwa 12. Yule kijana wa Masoko mwenye kandambili zenye rangi mbili tofauti, anayeingia akitoka kuuza pweza na hataki kukaa, mwachie zamu yako.

Kuhusu saa: usicheze asubuhi. Mwaka 2016, enzi za kaulimbiu ya Hapa Kazi Tu, viongozi walitoa agizo la kuwaandama wanaoshinda kwenye pool saa za kazi, na mpaka leo akina mama wa jirani wanalikumbuka agizo lile kuliko waliolitoa. Ukikutwa saa nne asubuhi na fimbo mkononi, hakuna atakayeamini kwamba upo likizo.

Mwisho ni malipo. Ukifungwa, nunua soda hapohapo, zikiwa za baridi, na usitaje sakafu. Hakuna anayeandika matokeo popote. Yanasafiri na bodaboda, na yakitoka Masoko yakiwa mbili kwa moja, Kivinje yanapokelewa yakiwa tano bila, pamoja na jina la mtaa unakotoka Dar. Kama kesho una safari ya Kivinje na muuza kahawa akakuuliza kama ni wewe, mwambie ni ndugu yako.