Muulize Shangazi Spana: BMW ya Vitunguu

Naona vitunguu vimelipa. Mwaka jana barua zilikuwa za ndoa na mipaka ya mashamba. Wiki hii nimepokea kumi na moja, tisa zinauliza magari, tena si magari ya kubebea magunia. Nimechagua chache. Nazijibu nikiwa nimekaa kwenye kigoda uani kwangu hapa Nduguti, mgongo nimeuegemeza kwenye gari langu mwenyewe. Nalo ni la Kizungu, ila jina lake nalihifadhi, maana limefunikwa turubai na marehemu hasemwi vibaya.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 31, nanunua vitunguu vijijini napeleka soko la Misuna, Singida mjini. Msimu huu Mungu kanijalia, nimetenga milioni 20. Tangu niko darasa la tano moyo wangu uko kwa BMW 3 Series. Rafiki zangu wanasema nichukue IST niache ujinga, eti magari ya Kizungu hayaishi huku. Ni kweli? – Mwenye Kiu ya Kona, Nduguti.*

Marahaba, mwanangu. Rafiki zako wana nusu ya ukweli, na wameishika nusu mbaya. Safari Rally ya zamani, ile ya Pasaka yenye matope ya kufika magotini, ilitawaliwa na magari ya Ulaya. Mercedes walishinda 1959, 1960 na 1961 mfululizo. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya akashinda na Volvo iliyokwisha kutumika, mtumba ukipenda. Mwaka 1966 na 1967 akaja Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akashinda mara zote mbili ndani ya Peugeot 404, gari ileile tuliyoiita Pijo na kuipanda watu tisa kwenda mnadani. Kwa hiyo mtu akikwambia Mzungu hajui kutengeneza gari la vumbi, mwambie akamuulize babu yake.

Ila zile zilikuwa na miguu mirefu na akili fupi. Unayoitaka wewe ni kinyume chake.

Nyosha mkono. Tanua kiganja, gumba mpaka kidole cha mwisho. Hiyo shubiri yako haisimami chini ya E90, na E90 ndilo jina la ndani la 3 Series zilizoanza 2005, hizo unazotumiwa picha na madalali. Kutoka ardhini hadi tumboni ni sentimita 14 hivi, na hapo hujapakia mtu. Sasa nenda kwenye njia mnayopita na Fuso kufuata mzigo, masika yakiisha. Tazama lile tuta linalobaki katikati ya nyayo mbili za matairi. Lipime kwa shubiri hiyohiyo. Tuta likishinda, basi sampu yako ndiyo itakuwa jembe, na oili ndiyo itakuwa mbolea.

Halafu kuna miguu yenyewe. E90 nyingi zilitoka kiwandani na matairi ya ranflati, yale yenye mbavu ngumu ambayo yakitoboka unaendelea na safari kilometa 80 hivi kwa mwendo usiozidi 80. Kwa sababu hiyo hawakuweka tairi la akiba. Mjerumani aliona mbali, ila hakuona mpaka Mwangeza. Fundi pancha wetu atapambana na ule ubavu mpaka shati lilowe. Na akishamaliza, kulirudisha nako ni kazi: Toyota ina misumari iliyotokeza, unatundika tairi kisha unafunga nati. BMW haina misumari. Ni bolti tupu, kwa hiyo fundi analishikilia tairi kwa goti, anachungulia tundu kwa jicho moja, na bolti ameibana kwenye meno. Nimeliona hili kwa macho yangu na sikucheka, kwa kuwa tairi lilikuwa la kwangu. Ukinunua, weka matairi ya kawaida, na jeki na tairi la akiba vikae kwenye buti kama bima.

Na hiyo akili ndefu? Betri mpya ya E90 haifungwi tu ikaisha. Lazima itambulishwe kwa gari kwa kompyuta, kama posa, la sivyo gari litaendelea kuichaji kama lile betri zee lililotoka. Zile za silinda sita, 325i na wenzake, hazina hata stiki ya kupimia oili. Unauliza skrini, skrini ikijisikia inakujibu. Ndiyo maana nasema kabla hujatafuta gari, tafuta fundi. Muulize mashine yake inasoma BMW kweli, au inasoma "zote". Anayesoma zote mara nyingi hasomi yoyote, anafuta taa ikae kimya mpaka ufike kwenye lami ya Iguguno.

Spea usiziogope kupita kiasi. Koili ya IST utaipata Singida mjini kabla chai haijapoa. Ya BMW utampigia mtu wa Gerezani, Dar es Salaam, utamtumia pesa kwa simu, ataipakia kwenye basi la usiku. Siri moja tu: usimwambie "koili ya 3 Series". Mtumie herufi na tarakimu saba za mwisho za namba ya chesisi, maana magari mawili yaliyofanana mpaka rangi yanaweza kuwa na vifaa tofauti ndani. Waliokosea hilo wana makabati ya spea nzuri sana zisizoingia popote.

Ukitaka kuagiza mwenyewe Japani, chukua kalamu. Tuseme TRA wamelithamini gari milioni 10 likiwa limefika bandarini, usafiri na bima ndani yake. Ushuru wa forodha asilimia 25, milioni 2.5. Juu ya hiyo 12.5 unakuja ushuru wa bidhaa, asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1,000 isiyozidi cc 2,000, na gari likiwa limepita miaka 10 inaongezwa asilimia 30 ya uzee. Hapo unakaribia milioni 4.4. Kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla yote, milioni 3 na kidogo. Karibu milioni 10 nyingine imeondoka, bado tozo ndogondogo, namba na dereva wa kukuletea. Na thamani wanayotumia ni ya kikokotoo chao, hiyo risiti yako uliyoibembeleza kwa muuzaji kaifungie maandazi.

Tazama sasa ujanja: 320i ina cc 1,995. Ni kama Wajerumani walikuwa na shemeji TRA. 325i ina cc 2,497, inaruka kwenye asilimia 10. Chukua 320i, silinda nne, stiki ya oili ya kushika kwa mkono. Kwa milioni 20 usiagize, nunua iliyokwisha kulipiwa nchini, na usinunue ya milioni 20. Tafuta ya 14. Sita zilale benki, maana ndani ya miezi mitatu utazihitaji: gasketi ya kifuniko cha vali inavuja, bushi zimekatika, matairi kama nilivyosema.

Siku ya kuikagua fika saa kumi na mbili asubuhi bila kuaga. Weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, ameshaiwasha kuficha kitu. Washa, iache iungurume dakika kumi bila kuigusa, kisha mwenzio asimame nyuma ukanyage kidogo. Ukitoka moshi wa bluu, sili za vali zimekwisha. Shukuru kwa chai, uondoke. Na ukifungua swichi kabla ya kuwasha, taa ya injini lazima iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu kaing'oa.

Kona unazozitamani zipo mlima Sekenke, lami tupu, si huku kwetu. Hapohapo Sekenke ndipo Wajerumani walipochimba dhahabu, na mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, wakaifua Tabora kuwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Sasa wewe unataka kuwapelekea iliyobaki. Sikukatazi. Ila vitunguu vibebe kwa Fuso.

*Shangazi, mume wangu anataka kuuza ng'ombe wanne anunue Audi A4. Anasema ni uwekezaji. – Mama Wawili, Kinyangiri.*

Mwanangu, ng'ombe anazaa. Muulize mumeo Audi yake itazaa lini. Akishindwa kujibu, muulize gia boksi yake ni ipi. Akisema Multitronic, ile isiyo na gia za kuhesabika, inayovuta kwa mnyororo, ficha kamba za ng'ombe. Akisema ya gia za mkono, mpe ng'ombe wawili, atafute wenzake wachange.

*Habari Shangazi. Nimenunua BMW, imetoka Japani. Redio inaniongelesha Kijapani, ramani inaonyesha niko baharini, na stesheni zote zinaishia 90. Nimedhulumiwa? – Msikilizaji, Gumanga.*

Hapana, baba, umesafirishwa. Redio za zamani za Japani hushika FM kuanzia 76 hadi 90 tu, na sisi wengi tuko juu ya hapo. Kuna kidude kidogo kinaunganishwa nyuma ya redio kwenye waya wa antena, kinashusha masafa mpaka redio yako iyaelewe. Fundi redio yeyote wa Singida anakijua. Kuhusu ramani, acha hivyohivyo. Kwa vumbi la Gumanga mwezi wa tisa, mtu akiambiwa yuko baharini ni faraja.

*Shangazi Spana, shikamoo. Nimetumiwa tangazo: "Benz C200 namba D, injini haijaguswa, full AC, alikuwa anaendesha mama mtu mzima, haina shida ya kitu ni kuweka mafuta na kuondoka, maongezi yapo." Nataka kwenda nayo kupeleka mahari mwezi wa nane. Unaionaje? – Mkwe Mtarajiwa, Ibaga.*

Marahaba. Nikufasirie. "Namba D" maana yake haikushuka melini juzi, imeshaonja matuta yetu miaka kadhaa. "Injini haijaguswa" kwa gari la umri huo ni kesi, si sifa. Inawezekana hata oili haijaguswa. "Mama mtu mzima" ni mimi, na mimi nakanyaga. "Ni kuweka mafuta na kuondoka" sawa, hajasema kurudi. "Maongezi yapo" ndilo neno la kweli peke yake, yatakuwepo mengi.

C200 nyingi zenye maandishi Kompressor hutumia injini ya M271, na ugonjwa wake ni cheni ya taimingi kurefuka. Iwashe ikiwa ya baridi. Ukisikia mlio wa kra-kra-kra wa sekunde chache kama mtu anasaga karanga na mchanga, cheni inaomba kustaafu, na ikiruka meno unanunua injini nyingine. Ukiambiwa ilibadilishwa, omba risiti na uangalie jina la gereji. Kadi ya gari iwe na jina la anayekuuzia, na deni la trafiki liangaliwe kabla hujatoa hata senti ya kishika uchumba.

Kuhusu wakwe. Wazee wetu walibuni neno Wabenzi kwa wakubwa waliotajirika haraka baada ya uhuru, na halikuwa neno la sifa. Baba mkwe wa Ibaga akiona nyota ile inaingia uani, mahari inapanda kabla hujazima injini. Kaazime Probox. Benz utaileta kwenye ubatizo.

*Shangazi, nina pesa kidogo na nimelipitia mara nyingi gari lako pale uani, lile chini ya turubai. Nasikia tatizo ni dogo tu. Unaniuzia? – Jirani yako wa Upande wa Mnazi Mmoja.*

Jirani, kwanza hakuna mnazi hapa, ule ni mpapai. Pili, ni kweli tatizo ni dogo. Ni sensa, ukubwa wa kidole gumba. Mafundi watatu wamenieleza ni sensa tatu tofauti, nikazinunua zote, na gari likawaka kwa kila mmoja wao mpaka aliposhika pesa. Nilivyokuwa naliendesha, lilikaa barabarani kana kwamba limegundishwa. Nilishuka nalo Sekenke alfajiri moja, dirisha wazi, nikawa naimba peke yangu. Sijawahi kumwambia mtu hilo.

Bei tutaongea. Lakini sasa hivi siwezi kufungua mlango, maana kioo cha nyuma kilibaki wazi na kuku wangu mmoja, yule mwekundu, ameingia akatagia kwenye kiti cha abiria. Ana mayai kumi na mawili na ameshaanza kuatamia tangu Jumapili. Nikimsumbua ataacha. Mayai ya kuku ni siku 21, kwa hiyo hesabu vizuri, uje na betri yako.