Klipu Tano Kaidi za Gari la Zamani

Corolla 110 ya miaka ya 1990 bado inapanda mlima bila kukohoa, lakini jaribu kufungua kava la mlango uone. Ta! Klipu hiyo imekwenda. Jua na joto la miaka yote hiyo vimekausha plastiki. Kama uko Njombe mwezi wa saba, acha kuanza alfajiri. Ngoja mchana, plastiki ilegee. Haya, tuanze na iliyo pole.

5. Ya skrubu. Unazungusha, nayo inazunguka. Mnacheza rumba? Ibinue kichwa kwa bisibisi bapa huku ukizungusha.

4. Ya pini. Hizi ni mbili, na sura zao zinakaribiana. Moja pini yake inabonyezwa ndani kidogo, nyingine inavutwa nje. Ukibonyeza ile ya kuvuta, umeikaza zaidi, hongera. Osha tope kwanza, ndipo utajua uko na nani.

3. Ya meno. Shina lake limejaa meno: kuingia ruksa, kutoka haikuwa kwenye mkataba. Ikivunjika, usiweke msiba. Nunua nyingine, ila upime tundu kwa milimita. Dukani kila mtu anapima kichwa, na kichwa hakikai tunduni.

2. Ya nguzo ya kioo. Ukiona maandishi ya SRS, yaani mfuko wa hewa umo ndani, mikono juu! Zima gari, chomoa waya hasi wa betri, na kwa Toyota subiri angalau sekunde 90. Klipu zinauzwa, pua haziuzwi.

1. Ya mlango. Bingwa! Huyu anaweza kubaki mzima akararua hadibodi ya kava, na hadibodi ndiyo hasara yenyewe. Kwanza toa skrubu zote: nyuma ya kitasa, chini ya kiegemeo cha mkono. Kama kioo ni cha kunyonga, pitisha kitambaa kati ya mkono wa kunyongea na kava, kisha uvute huku na huku mpaka kibanio cha chuma kiruke. Kikinge kwa kiganja, maana kikitua kwenye nyasi mtaagana. Sasa ingiza wenzo wa plastiki kuanzia kona ya chini, ubavuni kabisa mwa klipu. Ukibinua katikati ya klipu mbili, unalivunja kava mgongo. Zikiachia zote, usilivute kava kuelekea kwako: linyanyue juu, kwa kuwa limening'inia kwenye ukingo wa kioo. Na kama kioo ni cha umeme, chomoa soketi ya swichi kabla hujaondoka nalo.