Viraka vya Roki

Roki ni muziki wa kuwaasi wazazi. Ndivyo alivyonieleza mpwa wangu, mpiga gitaa, na sina sababu ya kumbishia. Ila bendi yake ilipopiga tamasha pale Ruiru, katika ukumbi wa chuo kimoja ambao mchana hufanyiwa mitihani, wazazi ndio waliojaza safu mbili za mbele, na dada yangu alikuja na chupa ya chai.

Mimi ni fundi wa nguo Makongeni, Thika, na elimu yangu yote ya roki nimeipatia kwenye cherehani, maana kijana huyo hunihubiria ninaposhona. Kwake ndiko nilikosikia kwamba Nairobi kulikuwa na redio ya X FM iliyopiga muziki huo tu, na kwamba bendi kama Parking Lot Grass na Murfy's fLaw zilipata mashabiki wa kufa na kupona. Akaniambia pia habari za Duma, vijana wawili wa Kenya walioitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Alinichezea kidogo. Nikasimamisha cherehani nikidhani ni mashine imeharibika.

Nami nikamjibu kwa mwanamuziki Joseph Kamaru. Mwanasiasa J. M. Kariuki alipouawa mwaka 1975, Kamaru alikitungia wimbo kifo hicho na kuwaudhi wakubwa wa nchi, naye alikuwa mtu wa kuvaa koti na kuchana nywele. Huo ndio uasi, nikamwambia.

"Sawa Tata," akasema, "lakini unajua mjukuu wake anafanya nini?"

Kumbe mjukuu, aliyerithi jina la babu yake kamili kama desturi yetu ilivyo, anajulikana ulimwenguni kama KMRU, na kazi yake ni kurekodi sauti za mahali na kuzifanya muziki. Hakuna anayeimba. Nilikosa la kusema, nikarudi kwenye zipu yangu.

Sasa tuje kwenye jinzi ya mpwa wangu. Siku moja kabla ya tamasha dada yangu aliianua kwenye kamba, akaona magoti yote mawili yamepasuka, akaniletea mbio. "Mtoto apande jukwaani hivi, watu waseme hana mama?" Nikatia viraka. Nilitumia kitambaa cha sare za shule, kile kizito cha kijivu, nikakipiga mshono mara mbili pembeni. Mpwa wangu alipoivaa alinyamaza sana, kisha akasema kwa heshima, "Tata, hii ilikuwa imeraruliwa na kiwanda." Najua viwanda, nimekulia Thika. Kiwanda kikiacha kazi nusu, fundi huimalizia. Sikuomba radhi na sitaomba.

Kutoka Thika hadi Ruiru si safari. Unapita Witeithie, unapita Juja, umefika, hasa tangu barabara kuu ifunguliwe mwaka 2012. Lakini matatu tuliyopanda, mimi na dada, ilikuwa na spika kubwa kuliko za tamasha tulilokuwa tukienda. Dada akapaza sauti, "Shukisha hapo stegi!" Makanga akadhani anaimba, akamwitikia. Tulikuja kushukia Kahawa Sukari, tukavuka barabara kutafuta gari la kurudi, yeye na chupa yake ya chai, mimi na viatu vya Jumapili.

Wala hatukuchelewa. Bango lilisema saa kumi na mbili, na kufikia saa mbili fundi wa mitambo alikuwa angali akihesabu "moja, mbili, cheki." Spika, maiki na drumu ziliazimwa kanisani kwa dada, na fundi huyo alikuja pamoja na mkopo. Ni mtu wa mahubiri. Kila sentensi ikifika mwisho yeye huiongezea mwangwi. Mwimbaji akasema, "Habari zenu Ruiru!" na ukuta ukajibu iru, iru, iru. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Amina."

Kisha wakaanza. Nisiwaongopee, wimbo wa kwanza ulinifanya nishike kiti. Mwimbaji alipiga mayowe ya mtu aliyemwagiwa uji wa moto. Jirani yangu aliniuliza kama kijana huyo ana shida ya koo, na kabla sijajibu, dada yangu alikuwa ameshamimina chai, ameinuka, na ameweka kikombe ukingoni mwa jukwaa. Kijana akamaliza ubeti, akainama, akanywa. Akasema, "Asante, Mama." Mwangwi ukamwita mama mara nne.

Wimbo wa pili wanafunzi walianza kusukumana kwa mabega, jambo ambalo nilikuwa nimeonywa kwamba ni furaha. Dada hakuwa ameonywa. Alijitupa katikati, akawashika wawili kwa kola: "Mnapigania nini? Si mlikuja pamoja?" Hawakuachiliwa mpaka waliposalimiana kwa mikono. Bendi ilisubiri.

Wimbo wa tatu, stima ikapotea. Gitaa likakauka, besi ikakauka, mwimbaji akabaki na sauti yake mwenyewe, nyembamba ajabu. Drumu haihitaji stima. Mpigaji wake, ambaye mikono yake imekulia kwenye ibada na harusi, alijaribu kushikilia roki gizani, lakini watu walianza kupiga makofi yao, na makofi ya watu wa Thika na Ruiru yana njia moja tu. Taratibu drumu ikateleza ikaingia kwenye mugithi, ngoma yetu ya kufuatana kama treni. Wanafunzi waliokuja kuasi wakashika viuno vya mama zao, mama wakashika viuno vya askari wa geti, na treni ikauzunguka ukumbi kwa taa za simu. Nilipita mbele ya jukwaa mara kadhaa nikamwona mpwa wangu amesimama na gitaa lisilosema neno.

Stima iliporudi, gitaa hilo lililipuka katikati ya mugithi kwa kelele zake zote za roki, na hakuna hata mmoja aliyeachia kiuno. Mimi nahukumu kwamba hapo ndipo bendi ilipopiga wimbo wake bora. Mpwa wangu hushikilia kwamba ule haukuwa wimbo, ulikuwa ajali.

Fundi wa mitambo aliondoka na spika kwa pikapiki. Drumu hazikuenea, na mpwa wangu ndiye aliyetia sahihi kwamba zitakuwa madhabahuni Thika kabla ya ibada ya kwanza. Tukazibeba hadi stegi. Makanga akatazama ile kubwa, akasema inalipa kiti.

"Drumu ya kanisa?" dada akamuuliza.

"Mathe, hata pasta hulipa."

Tukalipa. Drumu ikapewa kiti cha dirishani, na mpwa wangu akakalia ubao wa sambaza, magoti yake ya kijivu yakielekea abiria wote.