Kura ya Nne

Tarehe 20 Desemba 2023 mpiga kura wa Lubumbashi alijikuta mbele ya mashine ya kupigia kura akiwa na jibu moja na maswali manne. Jibu lilikuwa la urais. Hilo alikuwa amelibishania mwezi mzima, kwenye teksi-basi, matangani, mpaka bukari ikapoa mezani. Mbunge wa taifa alimfahamu kwa sura, maana bango lake lilifunika nusu ya ukuta wa jirani. Depite wa jimbo alimfahamu kwa kofia: mtu fulani aliigawa, na kofia ilikuwa nzuri. Kisha skrini ikamletea mshauri wa komini, na hapo akili ikagoma. Nyuso ndogo zimepangwa safu kwa safu, wote na tai, wote wanatabasamu, wote wametoka kwa kinyozi asubuhi hiyohiyo. Huku nyuma mstari unaguna, na mama mwenye mtoto mgongoni anauliza kwa sauti kama humo ndani kuna mtu amelala. Basi kidole kikagusa uso uliokuwa karibu, karatasi ikachapwa, ikatumbukizwa sandukuni. Kura ya nne ikawa imepigwa, na aliyeipiga alipofika nje hakukumbuka hata kama amemchagua baba au mama.

Tusimcheke sana. Mwaka ule Tume ya Uchaguzi, CENI, ilikuwa na wagombea zaidi ya 100,000 nchi nzima: 25,832 kwa Bunge la taifa, 44,110 kwa mabunge ya majimbo, na 31,234 kwa mabaraza ya komini, ingawa uchaguzi wa komini ulifanyika katika miji mikuu ya majimbo tu. Hata kadi ya mpiga kura haikuvumilia. Nyingi zilifutika picha na maandishi kabla ya siku yenyewe, na watu wakapanga mstari upya kuomba nakala ili wathibitishe kwamba wao ni wao. Kampeni nayo ilianza tarehe 19 Novemba na kufungwa tarehe 18 Desemba, yaani katikati ya masika yetu. Bango la karatasi na mvua ya Katanga havipatani. Mgombea aliyebandikwa Novemba akiwa na jina, namba na chama, wiki ya mwisho alikuwa amebaki masikio mawili na neno «maendeleo».

Hata hivyo nina neno na huyo mpiga kura. Kura hii tunayoipiga tukiwa tumechoka ndiyo iliyo karibu kuliko zote na potopoto tunayoikanyaga, na wanaoijua thamani yake ni wagombea na wezi. Sisi wenyewe tunaijua wa mwisho. Rais hatakuja komini ya Katuba kuzibua mfereji. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu mamlaka za chini imeiwekea komini mambo yaleyale tunayoyalalamikia kila asubuhi: usafi, takataka, soko dogo, barabara za mtaa. Na ile hadithi kwamba komini haina feza tuwaachie wanaofaidika tukiiamini. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa mamlaka ya chini ambako mgodi upo. Mwishoni mwa mwaka huohuo kobalti ikatangazwa madini ya kimkakati, na mrabaha wake ukapanda hadi asilimia 10. Mkaaji wa Ruashi, komini yenye mgodi, anayezama dimbwini na kumtukana Rais wa Jamhuri anatuma matusi mbali mno. Njiani ameipita ofisi ya komini, na humo ndani kuna mtu amefurahi sana kupitwa.

Najua nitakachojibiwa: mshauri wa komini hana nguvu yoyote. Sheria inasema washauri ndio wamchague bourgmestre, lakini kwa miaka mingi bourgmestre amekuwa akiteuliwa kutoka juu, na mshauri akibaki na kiti, kitambulisho, na ahadi ya posho. Sehemu kubwa ya hoja hii ni kweli, na wanaoisema hawasemi kwa ujinga. Lakini angalia inatufikisha wapi. Kama baraza ni dhaifu, basi ndipo tunahitaji watu wakaidi ndani yake, watu wa kuuliza ile asilimia 15 imeingia lini na imetokea mlango gani. Sisi tukaujaza udhaifu huo kwa kugusa skrini tukiwa tumefumba macho, halafu tunashangaa kwamba udhaifu umenenepa.

Wa pili atasema kura zitaibwa, hivyo kuchagua kwa makini ni kujichosha bure. Hapa ushahidi unageuka dhidi ya mwenye hoja. Januari 2024 CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82, kwa tuhuma zikiwemo udanganyifu na kushika mashine za kupigia kura kinyume cha sheria. Mgombea aliyeikokota mashine nzima mpaka nyumbani, akahangaika na betri yake katika nchi hii ya umeme wa kukatika, amefanya kazi ngumu kuliko mpiga kura aliyeombwa kusoma majina tu. Hakuna anayetoka jasho kuiba kitu kisicho na thamani. Tungejitahidi kuilinda nusu ya alivyojitahidi kuiba, tungemkuta hana pa kuingilia.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, nayo hunong'onwa: kama siwajui wote, namchagua mwana wa kwetu. Mji huu umeshalijaribu jambo hilo, katika uchaguzi wa ngazi ya chini wa namna hiihii. Desemba 1957, mji ukiitwa Elisabethville, wanaume Waafrika walipiga kura za komini kwa mara ya kwanza, na uongozi wa komini zao ukaangukia watu waliotoka nje ya Katanga, wengi wao kutoka Kasai. Waliojiita wenyeji wakahesabu majina, hawakuhesabu mifereji. Mwaka uliofuata chama chao, Conakat, kikazaliwa, na tarehe 11 Julai 1960 kiongozi wake Moïse Tshombe akatangaza kujitenga kwa Katanga. Sisemi kura za komini peke yake zilifanya yote hayo. Wabelgiji na shaba walikuwa na mikono yao. Nasema tu kwamba anayeiita kura ya komini mchezo wa watoto anaishi katika mji usioruhusu usemi huo. Na mwana wa kwetu, tukiacha historia, ana kasoro ya kawaida kabisa: akishashinda, kwetu kwake kunahamia Golf, mtaa wa wenye feza.

Yabaki swali la zawadi za kampeni, kofia na kikwembe. Wajanja husema: pokea kwa huyu, piga kwa yule. Sina ugomvi na kikwembe, kinavalika. Ila ujanja huu una tundu, kwa sababu orodha zetu ni za wazi na kura moja hufanya kazi mbili: kwanza inahesabiwa kwa orodha ili ipate viti, kisha kwa mtu ili akae juu ya wenzake. Ukimpigia mwalimu mwaminifu aliyewekwa kwenye orodha ya wafanyabiashara wa kofia, huenda umempandisha mwenye kofia, na mwalimu akabaki na shukrani zako. Kwa hiyo kabla ya uso tazama orodha, na kabla ya orodha tazama ni nani anayelipa mafuta ya magari yake. Huhitaji kuwajua wote. Ondoa wasiojua komini ina kazi gani, na hapo skrini nzima itabaki na watu wachache unaoweza kuwahoji wakipita mlangoni.

Uchaguzi ujao, kwa mujibu wa Katiba, ni mwaka 2028, na bila shaka mvua itakuwepo. Mgombea wa komini akibisha hodi, baba na mama, mpeni kiti na maji ya kunywa. Akishakaa, mwulizeni mrabaha wa komini yake ni asilimia ngapi. Akijibu «tutawaletea maendeleo», pokeeni kofia, aganeni naye vizuri, na piteni orodha yake.