Ndege Wako Ametaga

Katika miaka thelathini na minne niliyosimama mbele ya ubao nikiwafundisha watoto wa Rufiji lugha yao wenyewe, hapana neno lililonitaabisha kama neno ndege, kwa sababu neno hilo, kinyume cha adabu za maneno mengine, lina nyumba mbili: likivaa manyoya huingia katika ngeli ya viumbe wenye roho, tukasema ndege huyu amekuja, na likivaa bati hutoka humo, tukasema ndege hii imekuja, na mwanafunzi aliyethubutu kuzichanganya nyumba hizo alikwenda kufikiri nje ya darasa, juani. Sikujua wakati ule kwamba imeandikwa siku yangu nami, hapa hapa Umwe, katika uzee na mbele ya hadhara, ambapo kitu kitakuwa kinapita juu ya kichwa changu nami nisijue nikiite huyu au nikiite hii.

Chanzo cha yote ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, anayesomea mitambo Dar es Salaam, ambaye alishuka siku moja kutoka katika basi la Ikwiriri na masanduku matatu marefu ambayo utingo wa basi alikuwa ameyatoza nauli kama abiria. Ndani yake mlikuwa na ndege ya kuongozwa kwa mawimbi ya redio, na si zile za kuchezea watoto, bali dude ambalo mabawa yake, kutoka ncha hadi ncha, yalikaribia mita mbili na nusu, kiwiliwili chake cha plaiwudi na mbao nyepesi kama mkate wa kumimina, na juu yake limevishwa ngozi ya plastiki nyekundu iliyovutwa kwa pasi hata isiwe na kunyanzi.

"Shikamoo, Mjomba," aliniambia, "imekamilika kila kitu, ila haina injini."

Nikamwitikia marahaba, nikajisemea moyoni kwamba huyu ni sawa na mtu aliyekwisha kodi turubai, akaalika watu na kuchinja mbuzi, ila bado hajaposa.

Habari haikai ndani kwetu, na kabla ya alasiri jambo hilo lilikuwa limefika chini ya mwembe wangu, ambako wazee hucheza bao na ambako hapana shauri la dunia lisilopatiwa jawabu. Fundi wa pikipiki alisema itiwe injini ya bodaboda, ya sentimita za ujazo 150, kwa kuwa injini hiyo hubeba watu wawili na magunia mawili ya mchele kutoka bondeni bila kulalamika, sembuse vibao vile. Mzee mmoja, aliyeendesha boti maisha yake yote baina ya Nyamisati na Salale, alisema la, itiwe mashine ya boti, maana kinachoweza kuyasukuma maji, ambayo ni mazito, hakiwezi kushindwa na hewa, ambayo si kitu. Mimi, kwa unyenyekevu, nilitoa chenso yangu, niliyoinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo nipate kukatia matawi ya mikorosho, na ambayo tangu siku ile ilikuwa imekata tawi moja na waya mmoja wa umeme.

Mpwa wangu alitusikiliza kwa heshima aliyofunzwa na mama yake, kisha akatueleza kwamba injini ya ndege hupimwa kwa mizani kwanza, na nguvu zake huulizwa baadaye. Ndege kama ile, ambayo ikiwa na injini yake ndani haitakiwi kuzidi kilo nane au tisa, hutaka injini ya petroli ya sentimita za ujazo 50 au 55, yenye uzito wa kilo moja na nusu hivi, iwezayo kuzungusha rafadha ya mti yenye urefu wa inchi 22 na mwendo wa inchi 8. Yaani, kama hewa ingalikuwa gogo na rafadha ingalikuwa skrubu, kila mzunguko mmoja ungaliingia ndani inchi nane. Chenso yangu ilikuwa na kilo sita. Hilo pua lisingaliinuka katika ardhi mpaka Kiyama.

Walakini, kwa kuwa aliona uso wangu umesawijika, aliniongezea kwamba chenso na injini za ndege hizi ni watoto wa ukoo mmoja. Kwamba katika miaka ya 1970, watu walipoanza kuunda ndege kubwa za namna hii, aghalabu walizichukua injini za misumeno na za mashine ndogo za shamba wakazivua minyororo, na kwamba Zenoah ya Japani, ambayo jina lake limeandikwa katika misumeno na mashine za kufyekea majani, imeunda injini za ndege kadhalika. Nilikaa siku mbili nikiitazama chenso yangu kwa jicho jingine, kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani yake mlevi ni mjukuu wa sultani.

Injini iliyoagizwa kupitia duka moja la Kariakoo ilifika baada ya wiki nyingi, na ilifika siku mpwa wangu alipokuwa amerudi Dar es Salaam kushughulikia rukhsa, kwa maana kurusha kitu chochote kisicho na rubani katika nchi hii kunataka vibali, na vibali navyo vinataka miguu. Mtu mwenye busara angaliiacha injini ndani ya boksi. Mimi nilikuwa na bisibisi.

Nilipoutazama ule ukuta wa plaiwudi ulio mbele ya kiwiliwili, mahali injini inapokaa, niliona kwa masikitiko kwamba umekwenda upogo, umeelekea kulia kiasi cha nyuzi mbili au tatu, na kwa chini kidogo. Nikamhurumia kijana, nikatwaa randa na pima maji, nikauchonga mpaka ukanyooka kama mstari wa swala. Kisha nikaifunga injini kwa skrubu nne za mbao zilizosalia nilipotengeneza mlango wa choo. Kisanduku cha umeme wa plagi nikakiweka pamoja na kipokezi cha redio, betri moja ikivihudumia vyote viwili, kwa ajili ya ujirani mwema. Mkia nikaufunga kwa kamba katika mwembe, na hilo, nashukuru, ndilo jambo pekee nililolifanya sawasawa.

Nikatia petroli niliyoichanganya na oili, nikazungusha rafadha kwa kijiti, kwani walau nilikuwa nimesikia kwamba vidole havichipui. Mara ya tano ikalia. Ilianza kama chenso yenye homa, ikaendelea kama chenso yenye afya, nami nikaiongezea resi kutoka nyuma, roho ikinisuuzika, wazee wamesimama, kete za bao zimeachwa, na majani ya mwembe yanatikisika kana kwamba pepo za kusi zimeingia kabla ya majira yake. Kisha nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: ndege ilibaki na injini ikaondoka. Iliondoka na vipande vyake vya plaiwudi, ikakata mpira wa mafuta na waya wa plagi ikafa papo hapo, ikaruka mara moja, ikabiringika mara mbili, ikaingia ndani ya tenga la kuku lililo karibu na jiko, ambamo kwa bahati mwenye tenga alikuwa ametoka kwenda kula.

Mke wangu alikuwa akipepeta mchele. Aliuweka ungo chini, akachungulia tengani, akaniangalia.

"Bwana," akasema, "ndege wako ametaga."

Katika tahayari ile sikupata la kusema ila lile nililozoea kusema miaka thelathini na minne. "Si wako ametaga," nikamwambia. "Ni yako imetaga."

"Kinachotaga kina roho, Mwalimu," akanijibu, akauchukua ungo wake. Nimelitafuta jawabu la hoja hiyo mpaka leo.

Mpwa wangu aliporejea aliutazama ukuta niliounyosha kwa kimya kirefu, kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za maiti, ni nani aliyeuchonga. Hapo ndipo nilipojua kwamba ule upogo ulikuwa wa makusudi, kwa sababu rafadha inapovuta kwa nguvu ndege hupenda kwenda kushoto, na injini huelekezwa kulia kidogo ili vita viwili visuluhishane. Nikajua pia kwamba injini ya silinda moja, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hupiga teke mara 100 katika kila sekunde, na kwamba skrubu ya mbao, ambayo huushika mti kwa meno, hutafuna mahali pake kwa kila teke mpaka ikabaki katika shimo lililo pana kuliko yenyewe. Kinachotakiwa ni boliti za chuma zinazopenya ukuta mzima, washa pana, nati zilizong'atishwa upande wa nyuma, na tone la ile dawa ya nyuzi inayozuia nati isirudi. Ukuta nao uwe wa plaiwudi imara, ushikwe pembeni kwa vipande vya mbao vya pembetatu, upakwe epoksi hata petroli isiunywe. Umeme wa plagi uwe na betri yake peke yake, ukae mbali na kipokezi kwa sentimita 30 au zaidi, kwa sababu cheche zake huipigia redio kelele; ufito wa kabureta uwe wa plastiki, usiwe wa chuma, kwa sababu hiyo hiyo; na pawepo swichi ya kuikata injini mtu akiwa mbali. "Mbali na mimi?" nikauliza. Hakujibu.

Tuliiunda upya wiki tatu, yeye akifanya na mimi nikishika taa.

Tulipoiwasha tena, injini haikuondoka, bali ilichemka, kwa sababu ya kile kifuniko kizuri cha pua, ambacho kilikuwa na mlango wa hewa ya kuingia na hakikuwa na mlango wa kutosha wa hewa ya kutoka, ilhali hewa iliyopata moto hutaka nafasi mara mbili au tatu ya ile iliyoingia nayo. Mpwa wangu alifadhaika. Mimi sikufadhaika hata kidogo, maana ndege kuchemka katika Rufiji ni jadi. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha katika midomo ya mto wetu mwaka 1914, Waingereza walimwajiri rubani wa kiraia aitwaye H. D. Cutler, aliyekuwa akifanya maonyesho Durban, aje na ndege yake ya kutua majini aina ya Curtiss aitafute. Naye akaja Novemba, akakaa kisiwani Niororo, na joto letu likamharibia rejeta, hata ikabidi meli iende mpaka Mombasa ikatafute rejeta ya gari la Ford, wakamfungia hiyo. Aliiona manowari, lakini Desemba injini ikamwangusha mtoni akatekwa. Zikaletwa ndege mbili za Sopwith, nazo katika joto hili zikashindwa kupanda zikiwa na mzigo wa maana. Wajerumani wenyewe, vyombo vya kuchemshia maji vya manowari yao vilipoharibika, waliviburuza nchi kavu mpaka Dar es Salaam kwenda kutengenezwa, na vikarudi. Kwa hiyo sisi tunaopakia mashine zetu katika basi tumetanguliwa na wakubwa. Mwishowe ndege zilizoruka kutoka Mafia ndizo zilizoelekeza mizinga ya Waingereza, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaisha. Babu yangu alikisikia kishindo, akasema ni ndege Ulaya. Mpwa wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatwaa msumeno mdogo akakata tundu kubwa chini ya kifuniko.

Siku ya kuruka nilivaa kanzu, kwa taadhima ya jambo lenyewe, nami nikapewa kazi ya kushika mkia. Tulikuwa mbali na nyumba, katika uwanda mkavu baada ya mavuno, watu wakiwa nyuma ya kamba. Lakini upepo unaotoka katika rafadha ya inchi 22 hauchagui. Uliingia kwa chini, ukapanda, na kanzu ikaja kunifunika uso, nikawa sioni kitu ila weupe, nikisikia tu umma wa Umwe ukiisoma kwa sauti chapa ya unga wa ngano iliyo nyuma ya kaptula niliyoshonewa nyumbani. Sikuuachia mkia. Nilipoambiwa niachie, niliachia.

Nayo ikapaa. Sitaficha kwamba machozi yalinitoka, ingawa vumbi nalo lilikuwapo. Ilizunguka mara tatu juu ya majaruba, nyekundu, ikiunguruma vizuri kabisa, na mpwa wangu amesimama kama mtu anayeswali. Ndipo alipotokea mwewe kutoka upande wa mto, akaitazama, akaona kwamba haiwezekani, akaishukia.

"Ndege anaifukuza ndege!" akapiga kelele mtoto mmoja nyuma yangu.

Niligeuka. Alikuwa kijana wa miaka kama tisa, hana viatu.

"Rudia," nikamwambia.

"Ndege anaifukuza ndege," akasema, akirudi nyuma hatua moja.

"Tazameni!" nikawaambia watu wote. "Mtendaji ana roho, mtendwa hana, na mtoto hakukosea hata kiambishi kimoja!" Na nilikuwa bado nimemshika bega, nikimwuliza mwalimu wake ni nani, niliposikia nyuma yangu mpwa wangu akiita jina la mama yake, kisha mshindo. Wameniambia kwamba mwewe hakuigusa. Kwamba mpwa wangu aliogopa akaipindua kwa ghafula, ikiwa chini na mwendo mdogo, ikaishiwa na hewa ya kukanyaga.

Mabawa tuliyakuta mahali pawili na mkia mahali pa tatu. Injini ilikuwa imekaa katika ukuta wake, boliti nne zote mahali pake, imekazwa hata spana ya fundi wa pikipiki, siku mbili mfululizo, haikuweza kuitoa, na mpaka sasa imo sebuleni kwangu pamoja na kipande chake cha ukuta, imeelekea kulia kidogo.

Mke wangu alikuja uwanjani jioni ile na kikapu cha kukusanyia vipande. Alisimama, akaangalia yaliyosalia, akanishika mkono.

"Pole, Mwalimu," akasema. "Ndege yako amekufa."

Sikumsahihisha.