Usukani wa Saa Saba

Mwosha magari ndiye aliyeniuliza kama tairi zangu za mbele nilizinunua nusu bei. Alikuwa amepiga magoti kwenye povu, usukani umekatwa wote kulia, akichungulia nyuma ya rimu. "Bosi, huku nje meno yapo. Huku ndani kipara, hadi waya naziona." Tairi zenyewe hazikuwa zimemaliza miezi mitatu.

Chanzo ni mpwa wangu. Niliponunua Subaru Impreza ya mtumba, aliizunguka mara mbili, akasema: "Mjomba, mbona imesimama kama inataka kuvuka mto?" Mwenye akili zake angecheka yakaisha. Mimi nikaenda Kariakoo, nikanunua springi fupi, nikamkabidhi fundi wa chini ya mwembe. Kufika jioni gari ilikuwa imeshuka sentimita 4, na mimi nimepanda kama mita nzima.

Fundi alikaza bolti za bushi gari ikiwa bado juu ya jeki, miguu inaning'inia. Sikujua kwamba bushi hukazwa gari ikiwa imesimama kwa tairi zake. Ukiikaza hewani, gari ikitua mpira unabaki umejinyonga, unalalamika kila shimo. Nilipouliza habari ya alaimenti, akatoa kamba ya kuanikia nguo (kibanio kimoja kilikuwa bado kinaning'inia), akaivuta ubavuni kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, akafumba jicho moja, akazungusha tairodi ya kushoto. Ya kulia hakuigusa. Simlaumu kwa kamba. Hata mafundi wa magari ya mashindano huitumia. Ila wao hupima kwa rula.

Jumapili nikawapeleka mke wangu na mama yake kanisani. Tabata haina uhaba wa matuta. La kwanza lilikwaruza tumbo la gari kwa sauti ya sufuria inayosuguliwa mchanga. La pili likagoma kabisa. Mama mkwe, aliyejaliwa mwili wa heshima, alielewa kabla sijafungua mdomo.

"Nishuke, baba?"

"Kidogo tu, mama."

Akashuka, gari ikapita, akapanda. Hadi kanisani kuna matuta 11. Tulifika watu wanatoa sadaka.

Baada ya yule mwosha magari, ndipo nikaenda kwenye gereji yenye mashine. Kijana mmoja alifunga vibao vinne kwenye rimu, skrini ikajaa namba nyekundu. Akauliza usukani unakaaje gari ikienda mbele. Nikamwambia unaangalia saa saba.

"Saa saba ya mdomo au ya uso wa saa, mzee?"

Swali la maana sana. Saa saba yetu mshale uko kwenye moja, maana yake usukani umepinda kidogo kulia. Angeifuata ile saba iliyoandikwa, ningekuwa naendesha usukani ukiwa kichwa chini.

Akanionyesha. Kemba ilikuwa hasi digrii moja na nusu, yaani tairi zimeinamia ndani kwa juu. Hiyo hula taratibu, kama panya. Akaipunguza kwa bolti ya juu ya shokapu, ambayo Subaru wameitengeneza iwe inarekebishika. Mlaji hasa alikuwa tou, yaani upande ambao tairi zinatazama. Gari iliposhuka, tairodi zilibadilika pembe zikapindisha tairi, na kamba ya nguo ikamalizia kazi. Sasa la kulia lilikuwa linatazama nje huku na la kushoto nje kule, kila moja na safari yake, na mimi katikati nimeshika usukani nikidhani naendesha. Usukani wenyewe ulipinda kwa sababu tairodi iliguswa moja tu. Kijana aliufunga katikati kwanza, ndipo akazungusha zote mbili.

Alaimenti ilikuwa shilingi 40,000. Bei ya tairi mbili mpya siitaji hapa, mke wangu husoma.

Springi sikuzitoa. Usukani lakini uko saa sita kamili, na Jumapili iliyofuata niliwachukua tena nikiwa na kifua mbele. Nikasimulia kemba, nikasimulia tou. Tulipokaribia tuta la kwanza, nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa.

"Endelea tu, baba," mama mkwe akasema, mkoba keshautia kwapani. "Nitakukuta mbele."