Waliobaki Mlangoni

Muscat, Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, asubuhi moja ya Januari, saa nne unusu. Wasio Waislamu huruhusiwa kuingia kuanzia saa mbili mpaka saa tano, kila siku isipokuwa Ijumaa, kwa hiyo mabasi kutoka kwenye meli ya utalii iliyotia nanga Mutrah yamefika yote kwa mpigo. Kwenye rafu ya viatu, nje ya ukumbi mkubwa, amekaa MAKUBADHI wa Unguja, ngozi tupu, soli imelika upande. Pembeni yake yupo RABA wa Hamburg, mweupe wa kuumiza macho. Juu ya rafu ametupwa BAIBUI LA KUKODI. Aliyemvaa amemvua kidogo apate hewa kabla mlinzi hajageuka. Mlangoni amejinyoosha BUSATI LA BULUU, ambaye wageni wote hupita juu yake ili wasilikanyage zulia. Zulia lenyewe limo ndani na halisemi na mtu.

RABA: Jambo! Hakuna matata!

MAKUBADHI: Matata yapo. Umenikalia mkanda.

RABA: Samahani. Kiswahili hicho nilikipata Nungwi. Kiliuzwa pamoja na fulana.

MAKUBADHI: Basi kwenye biashara ile fulana ndiyo yenye faida. Sema shikamoo. Mimi nilikuwa ng'ombe wakati wewe bado ni mafuta ya petroli.

RABA: Shikamoo, mzee.

MAKUBADHI: Marahaba, mwanangu. Sasa sogea.

RABA: Na wewe umeshuka melini?

MAKUBADHI: Mimi? Utalii na mimi wapi na wapi! Bwana wangu ni Mwislamu, mtu wa Malindi, Unguja. Amekuja kuwazuru watoto wa ami yake. Wao walihamia huku baada ya 1970, Sultan Qaboos aliposhika nchi na kuwafungulia mlango waliotoka Zanzibar. Nenda majumbani mwao, chai inamiminwa kwa Kiarabu, umbea unasemwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo elewa tofauti yetu: bwana wako ameingia makumbusho, wangu ameingia msikitini.

BAIBUI: Ameingia saa ngapi, kaka?

MAKUBADHI: Saa mbili unusu, bibiye.

BAIBUI: Saa mbili nzima! Kaswali nini?

MAKUBADHI: Ibada ni siri ya mja na Mola wake.

BUSATI: Siri gani, yakhe? Mimi niko huku mlangoni, naona yote. Kwanza kalala chali chini ya thuria ili iingie yote kwenye simu. Haikuingia. Akamwita yule Mjerumani ampige picha yeye akiwa amenyanyua mikono kama anayeomba dua.

RABA: Huyo ndiye bwana wangu! Ana mkono mzuri wa picha.

MAKUBADHI: Huenda alikuwa anaomba dua kweli.

BUSATI: Mara tatu akasema haikutoka vizuri, irudiwe. Dua ya kurudiwa kwa sababu ya kidevu, mimi sijaisikia.

(Makubadhi anajifanya anapangusa vumbi. Kiatu kikiaibika hakina pa kuficha uso. Ulimi kinao, macho hakina.)

RABA: Tuambie basi ndani pakoje, Bwana Busati. Sisi viatu hatuingii.

BUSATI: Ndani pana tarakimu. Watembeza watalii huzisoma kila siku, kwa lugha zote, na mimi nimezihifadhi kuliko mwanafunzi wa chuo alivyohifadhi Juzuu Amma. Msikiti ulianza kujengwa 1995, ukafunguliwa 2001. Mawe ya mchanga tani 300,000, kutoka India. Ukumbi huu unachukua watu 6,500. Halafu zulia: tani 21, rangi 28, mafundo milioni 1,700, vipande 58 vilivyoungwa humu humu ndani. Kwenye "tani 21" mataifa yote hushangaa kwa pamoja. Kwenye mafundo hunyanyua simu.

BAIBUI: Na wafumaji?

BUSATI: Wanawake 600 wa Iran, miaka minne. Hapo ndipo wageni huangalia juu, kwenye thuria. Sijasikia hata mmoja akiuliza wale wanawake walikuwa wakiitwa nani, au walilipwa kiasi gani kwa fundo. Jina wanalouliza, na kuandika, ni la vile vioo: Swarovski.

RABA: Thuria ni kubwa?

BUSATI: Urefu mita 14, uzito zaidi ya tani nane.

RABA: Ah. Ya Abu Dhabi ni tani 12.

(Kimya. Hata Baibui anakunja pindo. Wenyeji wa Muscat ni watu wa adabu sana. Hawapendi kutajiwa Abu Dhabi kabla ya kahawa.)

BUSATI: Wewe umefika Abu Dhabi?

RABA: Juzi. Meli hupita huko kwanza. Msikiti wa Sheikh Zayed, mweupe kama mimi. Unaanza kwa kupitia madukani, chini ya ardhi, kisha unapanda kwenye marumaru. Zulia lao ni mita za mraba 5,627.

BUSATI: La hapa ni 4,343. Lilipotandikwa lilikuwa kubwa kuliko yote duniani yaliyofumwa kwa mkono. Wao wakafungua msikiti wao 2007.

MAKUBADHI: La kwao lilifumwa na nani?

BUSATI: Kampuni ya Mazulia ya Iran.

MAKUBADHI: Na la hapa?

BUSATI: Kampuni ya Mazulia ya Iran.

MAKUBADHI: Thuria ya hapa?

BUSATI: Faustig, wa Munich.

MAKUBADHI: Na ya kule?

RABA: Faustig, wa Munich! Hao ni watu wa kwetu.

MAKUBADHI: Subiri kwanza. Fundi mmoja kaingia nyumba hii, akasema "lako ndilo kubwa duniani," akalipwa. Akavuka kwa jirani, akasema "lako ndilo kubwa duniani," akalipwa tena?

BUSATI: Na wote wawili aliwaambia kweli. Kila mmoja kwa siku yake.

RABA: Huko nje ya Ghuba wanashindana kwa minara. Casablanca waliweka mita 210 mwaka 1993. Algiers wakaweka 265.

BAIBUI: Marubani watuombee dua. Wa hapa ni mita 90, na mingine minne kwenye pembe, kila mmoja mita 45 na kidogo. Mitano kwa jumla, kwa nguzo tano za Uislamu.

RABA: Na ule mrefu ni nguzo gani?

MAKUBADHI: Shahada, bila shaka.

BAIBUI: Kwa bei ile, mimi nilidhani ni Zaka.

MAKUBADHI: Bibiye, chunga ulimi. Lakini kusema haki, hili limenishangaza tangu jana. Nchi hii ni ya Waibadhi. Misikiti yao ya zamani, huko kwenye vijiji vya milimani na hata ile ya Unguja, ni kuta nyeupe na kimya. Mingi haina hata mnara. Mapambo waliyaogopa, yasije yakamvuta mtu macho akasahau yuko mbele ya nani.

BUSATI: Na sasa macho yanavutwa kwa tiketi ya ndege. Lakini usimwonee marehemu Sultani. Ijumaa watu hujaa humu, wanasujudu, na zulia hilo linapokea vipaji vya nyuso vya wahandisi na vya mafundi wa ujenzi kutoka Bangladesh, safu moja, bega kwa bega. Tatizo ni hizi saa tatu za asubuhi. Asubuhi zulia ni picha, na mimi ndimi msikiti. Wananikanyaga mimi tu.

BAIBUI: Angalau wewe wanakukanyaga tu. Mimi wananivaa. Leo tangu saa mbili nimekuwa Mfaransa, Mkorea, na sasa Mhispania mmoja mwenye mafuta ya jua yanayonukia nazi. Nikirudi kwa tajiri yangu ananipulizia udi, ananitungika, namngoja anayefuata. Wote huniuliza kwenye kioo kama ninawapendeza. Mtu anakodi stara, halafu anataka imwonyeshe kiuno.

RABA: Pale Abu Dhabi wanasimulia kuwa mwaka 2013 Rihanna alitakiwa aondoke.

BAIBUI: Naijua. Nguo yake ilikuwa imemsitiri kuliko wengi ninaowasitiri mimi. Yaliyomponza ni mapozi. Waliokuja baada yake wakajifunza: sasa mapozi wanayafanya haraka, mlinzi akigeuka.

MAKUBADHI: Heri nyinyi wanawake mna ukumbi wenu.

BAIBUI: Tunao, kaka. Wa watu 750. Ule mkubwa, watu 6,500. Sasa sikiliza hesabu hii, maana watembeza watalii hawaisomi. Mimi, baibui la kukodi, nimezunguka ndani ya ukumbi mkubwa asubuhi zote hizi, mpaka mbele ya mihrabu, nikiwa mgongoni mwa watu wasioijua kibla iko wapi. Tajiri yangu ni mama wa watu, mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja, hakosi swala. Adhana ikilia anakwenda kule kwenye 750. Mlango mkubwa unamfungukia vizuri zaidi akija kama mgeni.

(Hapa mwandishi alitazamia Makubadhi ajibu. Makubadhi aliona afadhali akohoe.)

RABA: Mzee, kwenu Unguja kuna msikiti wa zamani?

MAKUBADHI: Unauliza samaki kama anajua maji? Upo Kizimkazi, Dimbani. Mihrabuni mna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe, mwaka 500 wa Hijria, ndio 1107 kwa hesabu yenu. Wakati huo Hamburg yenu mlikuwa na nini?

RABA: Matope, nadhani. Lakini Kizimkazi nimefika!

MAKUBADHI: Umeuona?

RABA: Niliwaona pomboo. Tulikwenda kwa boti, tukawakimbiza, wakatukimbia. Wakati wa kurudi nikaona kibanda chenye paa la bati.

MAKUBADHI: Kibanda! Huo ndio wenyewe! Miaka mia tisa na zaidi umeiita kibanda!

BUSATI: Usipandwe na damu. Wewe tueleze, ndani pakoje?

MAKUBADHI: Ndani... ndani pana mihrabu.

BUSATI: Hiyo umekwisha kutuambia.

MAKUBADHI: Pana maandishi.

BUSATI: Bwana wako aliyasoma?

MAKUBADHI: Tulipita njia panda tukienda Makunduchi, kwenye Mwaka Kogwa. Gari lilikuwa na haraka. Kila mwaka gari huwa na haraka.

BAIBUI: Kutoka Malindi mpaka Kizimkazi ni mwendo gani?

MAKUBADHI: Saa moja na kitu.

BAIBUI: Na mpaka Muscat?

MAKUBADHI: Ndege, viza, na zawadi za jamaa. Nimeelewa, bibiye, usimalizie.

RABA: Usione haya, mzee. Hata sisi Hamburg tulikuwa na msikiti wa buluu, kando ya ziwa la Alster, wenye zulia la mviringo kutoka Iran. Bwana wangu aliupita kwa baiskeli miaka yote, akisema ataingia siku mvua ikinyesha. Hamburg mvua hunyesha kila siku. Mwaka 2024 serikali ikaufunga kwa tuhuma za siasa za Tehran. Sasa anausikitikia, na wiki hii ameshatembelea misikiti mitatu ya Ghuba.

MAKUBADHI: Kumbe bwana wako na wangu walinyonya ziwa moja.

BUSATI: Ndiyo maana wamepigana picha.

(Mlinzi anatangaza kwa upole kuwa zimebaki dakika chache kufika saa tano. Baibui ananyakuliwa, anavishwa kinyume, mshono nje. Wageni wanatoka wakikodoa macho kwa jua. Mjerumani anaelekea kwenye ukumbi wa wageni, ambako wenyeji humpa kila mtu kahawa na tende na kumjibu maswali bila malipo. Ni mahali pazuri kuliko pote hapa, na wengi hawafiki kwa sababu basi linapiga honi.)

RABA: Nitaulizwa nyumbani ndani pakoje. Niseme nini?

BUSATI: Sema mafundo milioni 1,700. Hakuna atakayeuliza zaidi.

MAKUBADHI: Na mimi nikiulizwa Malindi?

BUSATI: Sema hayo hayo. Ndiyo aliyoyaandika bwana wako chini ya picha.

(Bwana wa Makubadhi anatoka. Anavaa kiatu kimoja, jamaa zake wanamwita wawahi halua Mutrah kabla soko halijafungwa kwa mchana. Anavaa cha pili. Anasimama ghafla, anajipiga paji la uso, anavua vyote viwili, anarudi ndani mbio.)

MAKUBADHI: Alhamdulillahi! Mmeona? Kakumbuka rakaa zake mbili. Nilisema mimi, huyu ni mtu wa msikiti.

BUSATI: Amesahau chaja ya simu kwenye nguzo.